Mfunga Vifundo Aliyetumwa Kumuuza Rafiki Yake

"Nipe mguu. Maneno mpelekee kocha."

Ni saa kumi jioni katika chumba cha kubadilishia nguo cha Wahunzi, timu ya mpira wa kikapu ya mji wa Buffalo, Marekani. Roosevelt Tillery anamwambia hivyo kijana mrefu kama mlango, aliyepanda mezani huku akilalamika kuhusu dakika anazopewa uwanjani. Kijana anacheka na kunyoosha mguu. Tillery anavuta plasta nyeupe, anaizungusha kwenye kifundo cha mguu, anaikata kwa vidole, anaanza nyingine. Macho yake hayako kwenye mikono. Anautazama uso wa mchezaji, maana wachezaji ni waongo wakubwa, anasema, na kila mmoja atakuapia kwamba hasikii maumivu.

Ana miaka hamsini na tisa. Kwa miaka ishirini na mitatu amekuwa akifunga vifundo vya wachezaji wa timu hii kabla ya kila mechi na kila mazoezi. Mwezi Juni watamwonyesha mlango.

"Usije ukaandika kwamba nimesikitika," anaonya, huku akimpiga kijana kofi la gotini kumwashiria ashuke. "Anayesikitika ni mfiwa. Mimi nimekasirika. Andika hivyohivyo."

Hasira hiyo ina jina, nalo ni Lucius Pettaway.

Pettaway ndiye aliyekuwa nyota wa Wahunzi kwa misimu kumi na mitatu. Ana miaka thelathini na sita, umri ambao katika mchezo huu ni uzee wa kutembelea mkongojo. Mwaka jana mwezi Mei, mechi ya saba ya mtoano, alifika uwanjani akichechemea. Tillery alimshika shavu la mguu wa kushoto, akaona uso wake unavyokunjamana, akaweka plasta chini.

"Nikasema huyu leo hachezi. Simfungi. Anayetaka kumfunga amfunge, lakini si mimi."

Meneja mkuu wa klabu, Brooks Haldane, akashuka kutoka ofisini. Akasema ni msuli umekaza tu. Nje, ukumbi mzima ulikuwa ukiimba jina la Pettaway. Akaitwa mtu mwingine, akamfunga. Katika robo ya tatu Pettaway aliruka, akatua, na kano nene ya kisigino ikakatika. Tillery anasema aliusikia mlio wake kutoka kwenye benchi, kama ubao wa sanduku unapovunjwa kwa mguu.

"Watu elfu kumi na nane walinyamaza kimya," anasema. "Walewale waliokuwa wakiimba. Sasa walinyamaza! Kunyamaza kwao kulinisaidia nini?"

Basi Februari mwaka huu, Pettaway akiwa bado anafanya mazoezi ya kujifunza kutembea vizuri, timu ya San Diego ikabisha hodi. Ilikuwa tayari kutoa vijana wawili wenye vipaji, mmoja mgawa pasi na mwingine mlinzi wa kikapu, ili wapewe Pettaway. Wapumbavu? Hapana. San Diego hawakuutaka mguu wake. Walitaka mkataba wake, kwa kuwa unaisha kiangazi hiki. Ligi inaweka kikomo cha mishahara, na mkataba huo ukiisha wanabaki na nafasi ya kununua mtu mwingine mzima. Pettaway mwenyewe wangemlipa chake, wakamwambia kwaheri.

Kilichowakwamisha ni kifungu kimoja: Pettaway hawezi kuhamishwa bila ridhaa yake. Ni haki waliyonayo wachache mno katika ligi nzima. Miaka minne iliyopita alikubali kupunguza mshahara ili aipate, akisema anataka kustaafu Buffalo. Klabu ikapiga makofi, ikabandika picha yake ukutani, ghorofa tatu kwenda juu.

Mji ukagawanyika. Katika kibanda cha kinyozi Clevon Sturdivant, mtaa wa Jefferson, ambako Tillery hunyolewa kila Jumatatu, hakuna aliyekuwa akizungumzia kingine.

"Muuzeni!" alifoka mteja mmoja mwenye kipara. "Vijana wawili kwa mguu mmoja mbovu? Mimi ningempeleka uwanja wa ndege kwa gari langu."

"Gari lako lenyewe haliwashi, baba," Clevon akamjibu. "Na kama akili ni nywele, zako nilishazifagia zamani."

"Cheka tu. Kuna siku tutachukua kombe kwa kutegemea wazee?"

"Huyo mzee kawapa mguu wake! Kweli asante ya punda ni mateke." Clevon akamgeukia Tillery aliyekuwa kitini. "Kaka, wewe uko nao huko ndani. Wamuuze au wasimuuze?"

Tillery alimwambia aendelee kunyoa. Anakiri sababu, na inamuudhi kuisema: biashara yenyewe ilikuwa nzuri. Yeye ni mzaliwa wa Buffalo. Tangu utotoni anangoja kombe, na hajawahi kuliona hata moja. Wale vijana wawili aliwaona wakicheza, akajua wanafaa. "Angekuwa mtu mwingine yeyote," anasema, "ningemfungia mizigo mimi mwenyewe."

Siku iliyofuata, Jumanne, Haldane akamwita ofisini. Dirisha la kuhamisha wachezaji lilikuwa linafungwa Alhamisi saa tisa alasiri, na Pettaway alikuwa hapokei simu ya mtu.

"Roosevelt, kaa," alisema Haldane, mwenye miaka arobaini na moja. Kila mtu chini ya paa lile humwita Tillery Mzee, kasoro yeye. "Wewe ni kama baba kwake. Anakusikiliza."

"Anisikilize nikisema nini?"

"Msaidie tu aione hali halisi. San Diego kuna jua. Ataanza upya."

"Aanze upya na mguu upi?"

Haldane akatabasamu. Akamkumbusha kwamba mkataba wake yeye Tillery unaisha Juni, na kwamba klabu ingependa kumpa mwingine wa miaka mitatu, mambo yakienda vizuri. Hakupandisha sauti. Tillery anasema alitishwa kwa sauti ya mtu anayekukaribisha chai.

"Nilitoka pale nimekunja ngumi. Mimi! Mikono hii ndiyo inayonilisha. Nilitaka kurudi nimkabe shingo, wallahi vile. Lakini nina nyumba, na mke wangu ana sukari, na bima ya matibabu inatoka hapohapo kazini. Sasa ukimkaba mtu kama yule, dawa unanunua na nini?"

Jumatano jioni, theluji ikianguka kana kwamba inalipwa kwa kazi hiyo, akaendesha gari hadi Amherst, anakoishi Pettaway. Njiani alinunua mikate miwili ya chumvi yenye nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, ile anayoipenda Pettaway. Yaliyotokea humo ndani wameyasimulia wote wawili, kila mtu kwa wakati wake, na hawakupishana.

Pettaway alifungua mlango mwenyewe, akautazama mfuko. "Mzee, umekuja na chakula. Nani kafa?"

"Wamenituma."

"Haldane?"

"Nikwambie ukubali San Diego."

Pettaway alikuwa ameshauma mkate. Akaacha kutafuna. "Wamekuahidi nini?"

"Mkataba. Miaka mitatu."

"Ndiyo bei yangu hiyo? Wamekupunja, Mzee. Ungeomba mitano."

"Lu..."

"Usiniite Lu! Miaka kumi na mitatu nimekupa miguu yangu uishike, leo unakuja kuninadi sebuleni kwangu! Na mkate juu!"

"Ningetaka kukuuza ningekuja na maneno matamu," Tillery naye akapandisha. "Nimekwambia wazi walionituma na walichonipa. Nani mwingine kakwambia? Ajenti wako? Kocha wako? Piga kelele, lakini piga kwa anayestahili!"

Kisha Pettaway akauliza swali ambalo Tillery alikuwa akiliogopa tangu Jumanne.

"Daktari anasema msimu huu sichezi. Lakini ni daktari wa klabu, na klabu inataka niondoke, kwa hiyo simwamini. Wewe niambie. Mwezi wa nne, mechi ya mwisho hapa nyumbani, nitacheza?"

Hapo ndipo Tillery alipobanwa. Akisema ndiyo, Pettaway atabaki, na Haldane atakula hasara. Lakini atakuwa amemdanganya, na mtu yule angejilazimisha kuruka kwa mguu usio tayari. Akisema hapana, atakuwa amemfanyia Haldane kazi yake yote.

"Nilimchukia Haldane kuliko siku zote," anasema. "Kwa sababu ukweli ulikuwa upande wake. Hebu fikiria! Mtu kama yule, na ukweli uko upande wake."

"Vua soksi," akamwambia Pettaway. "Shika meza. Inua mguu wa kulia. Sasa simama kwa vidole vya kushoto."

Pettaway akajikaza. Mishipa ya shingo ikamtoka, jasho likamchuruzika, na kisigino hakikuachana na sakafu. Shavu la mguu ule lilikuwa limekonda, nusu ya mwenzake. Akajaribu tena. Akajaribu mara nyingine, huku akijitukana.

"Acha," Tillery akasema. "Hapana, mwanangu. Aprili hutacheza. Na mwakani siwezi kukuahidi."

Pettaway akakaa chini na kulia, bila kujificha. Tillery akamkalia ubavuni. Baada ya muda mrefu Pettaway akajipangusa uso, akauchukua mkate wake, akaumaliza wote. Kisha akasema, "Basi siendi."

"Lu, hujanielewa."

"Nimekuelewa kuliko wao walivyokuelewa. Ningekuwa na mguu, Mzee, ningekwenda popote penye kikapu, hata Alaska. Nilikuwa karibu nikubali, nikijua nitapona huko nicheze. Sasa mguu sina. Nikakae bure San Diego, kwa watu wasionijua hata jina la mama yangu? Kukaa bure nitakaa kwetu."

Alhamisi saa tisa ikafika, ikapita. Saa tisa na robo Tillery alikuwa tena mbele ya Haldane.

"Ulimwambia nini?"

"Ukweli. Si ndio ulionituma?"

"Nilikutuma umshawishi!"

"Hukusema hivyo, bwana. Ulisema nimsaidie aione hali halisi. Ameiona."

Haldane akanyoosha kidole mlangoni. Wiki moja baadaye Tillery akapewa taarifa kwamba klabu inapanga upya idara yake na haitamhitaji baada ya Juni. Hakushangaa. Kilichomkera ni kwamba aliyetumwa kumpa taarifa hiyo ni msichana wa ofisini aliyeajiriwa miezi miwili tu, na akaishia yeye kumbembeleza msichana aache kulia.

Tangu siku hiyo Pettaway anahudhuria kila mechi ya nyumbani. Huvaa koti zuri, hukaa mwisho wa benchi, huwanong'oneza vijana. Timu inaendelea kufungwa. Kuna mashabiki wanaomshangilia, na kuna wanaomzomea kwa sababu ya wale vijana wawili waliowakosa.

Wiki iliyopita mtu mmoja wa safu ya tatu alipiga kelele, "Toka hapo, we mzee wa koti! Unakula hela ya bure!" Tillery, ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kumjibu shabiki hata salamu, aligeuka akiwa na plasta mkononi.

"Mwaka jana Mei ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, nina tiketi ya msimu!"

"Uliimba jina lake?"

"Niliimba, kwani?"

"Basi na wewe uliukata ule mguu. Kaa chini."

Yule mtu alikaa. Klabu ikamwandikia Tillery onyo, akalitupa kwenye pipa la plasta zilizokwisha kutumika.

Kuanzia Septemba atakuwa akiwafunga vifundo wasichana wa timu ya shule ya sekondari ya upande wa mashariki wa mji. Mshahara haufiki nusu ya dola elfu hamsini na mbili anazolipwa sasa kwa mwaka, ila bima ipo, na hilo ndilo alilouliza kwanza. Wasichana hao wanacheza kwenye sakafu ngumu kama barabara, na mpaka leo hujifunga wenyewe kwa kutazama video. Pettaway amesema atakuwa akipita kuwafundisha kurusha, kwa kuwa kurusha kunahitaji zaidi mkono.

Tillery aliikubali kazi hiyo kwa sharti moja, akalisema mbele ya mkuu wa shule, Mwalimu Yolanda Frazee, kabla hata hajaketi: msichana mwenye maumivu haingii uwanjani mpaka yeye aseme, hata kocha akasirike, hata mzazi alie.

Mwalimu Frazee akauliza: "Na ikiwa ni fainali, Bwana Tillery? Ukumbi umejaa, na watu wote wanaimba jina lake?"

"Siku hiyo," Tillery alimjibu, "nitaufunga mlango, nikae mimi na yeye humo ndani mpaka waimbe wachoke."