Ramani Iliyotundikwa Shuleni

Daktari Valdenice Pantoja alifika kisiwani kwetu, hapa mdomoni mwa mto Amazoni, mwaka ule taa za angani zilipokuwa zikiunguza watu. Wenyewe tulishaziita wanyonya damu, tukawa tunazipigia masufuria, fataki na bunduki. Yeye alitoka chuo kikuu cha Belém na dira na daftari, akamuuliza kila mtu maswali yaleyale ishirini, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Nyoosha mkono, alikuwa akisema. Taa ilikuwa kubwa kuliko kucha ya kidole gumba, au ndogo? Mama yangu alisema huyu amesoma mpaka akapitiliza.

Hakubishana na mtu. Ukimwambia ni shetani, aliandika shetani, kisha akauliza shetani alikuwa upande gani. Kila upande aliuchorea mstari kwenye ramani, na wiki ya tatu akaitundika ukutani shuleni, ili tumsahihishe alipokosea. Ndivyo wasomi wanavyokaguana, nadhani.

Mistari kumi na moja ilikutana juu ya nyumba ya Orivaldo, mchonga mitumbwi aliyeishi peke yake ng'ambo ya kijito. Tukaisoma kwa namna yetu: basi taa zinatoka kwake.

Tulimwendea Jumapili baada ya misa, na makasia na mapanga. Tulimkuta anakula uji wa matunda ya asai na unga wa muhogo. Benigno, ambaye mkewe alikuwa ameungua shingo, alimpiga bakuli usoni, tukamburuta hadi matopeni.

"Ziite basi taa zako zije zikuokoe," Benigno akamwambia.

Meno ya Orivaldo niliyaona kwenye tope. Nami nilipiga, sitadanganya, na nilipiga kwa raha.

Valdenice alikuja mbio, miguu mitupu, akajitupa juu yake. "Mvueni shati, wajinga nyie! Taa ilisimama juu yake. Yeye ndiye wa kwanza kuungua."

Kasia lilikuwa limeshashuka. Lilimvunja Valdenice mkono wa kulia, mfupa nikausikia. Ndipo mtu akalipasua shati. Mgongo wote wa Orivaldo ulikuwa kidonda cha wiki nyingi. Alikuwa amemwomba Daktari asimtaje, kwa kuona aibu kwamba alilia taa ilipomuunguza. Tulipomgeuza alikuwa ameshakufa.

Kazi ile Valdenice aliifanya miaka ishirini na sita zaidi, mimi nikimwendeshea boti. Taa nyingi zilikuwa ndege, nyota ya Zuhura, karabai za wavuvi. Nne hakuzijua, akaandika hivyo: sijui. Ramani hakutundika tena. Mkono wake haukunyooka tena, kwa hiyo mashahidi aliwaonyesha kunyoosha kwa wa kushoto.

Siku aliyostaafu nilimwambia kwamba lile kasia lilikuwa langu.

"Najua, Firmino. Nilikuwa nakutazama."

Nikamuuliza kwa nini basi alinichukua. Alifungua daftari jipya, akaufunga mlango, akanionyesha kiti.

"Nyoosha mkono," akasema. "Orivaldo alikuwa upande gani?"

Niliunyoosha, nikaonyesha chini, mbele ya miguu yangu.