Mashati Manne Yasiyo na Jasho

Umeyaona mashati yale. Usijitie hamnazo. Jumamosi tatu mfululizo umepita chini ya kamba ile, ukainua macho, ukaona mashati manne ya kiume yananing'inia mbele ya mlango wa mwanamke anayeishi peke yake. Ukatabasamu, ukaenda zako. Pengine ulimnong'oneza mwenzio kwamba mama wa watu kapata bwana uzeeni. Kuuliza hukuuliza.

Basi kaa uelezwe.

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya tatu. Mama Maoni, kama wanavyomwita wanaomfahamu, ameinama juu ya beseni la bluu lililoyeyuka ukingo mmoja kwa moto wa zamani. Ndani ya beseni mna mashati matatu: mawili meupe na moja la kijivu. La nne, lenye mistari, liko kavu kwenye kiti. Anazifikicha kola kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Maji hayabadiliki rangi. Povu limebaki jeupe vilevile.

Mashati hayo ni safi. Yalifuliwa Jumamosi iliyopita, na ile iliyotangulia. Hakuna aliyeyavaa kwa miaka sita. Mwenye mashati alikuwa mumewe, na mumewe ni marehemu.

“Ningefua nini, mwanangu?” anasema bila kuinua kichwa. “Nina magauni matatu na shuka mbili. Mtu mmoja hata akiamua kuwa mchafu, hawezi kuimaliza sabuni ya watu watano.”

Sabuni yenyewe iko ndani, juu ya kabati: mfuko mweupe wa kilo tatu, hauna jina, una namba tu, 862. Kuna kampuni inataka kujua kama familia ya watu watano itaipenda kabla haijapelekwa dukani. Mama Maoni alijiandikisha kama familia ya watu watano. Kila Jumamosi saa nne mdodosaji huja na mizani kupima imebaki kiasi gani. Isipopungua, siri imefichuka. Inabidi ipungue.

Malipo ya wiki nne za majaribio ni sawa na kodi yake ya miezi miwili. Mwenye nyumba ametangaza kuipandisha kodi hiyo mwezi ujao. Akiikosa, anaondoka kwenye vyumba viwili alivyoishi miaka thelathini na mmoja, ishirini na mitano kati ya hiyo akiwa na mumewe. Ndiyo maana anafua kilicho safi.

Aliomba haya yasiandikwe hadi yaishe. Yameisha, na jinsi yalivyoisha utasoma.

Kazi yake ya kila siku ni kupiga pasi kwenye duka la dobi. Ana miaka hamsini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye meza ileile, mguu wa kulia ukiwa mbele. Analipwa kwa idadi ya nguo. Kikao kimoja cha utafiti wa soko, saa mbili tu, humlipa sawa na mashati mia moja na arobaini.

“Mashati mia na arobaini ni siku tatu za kusimama,” anasema. “Kule unakaa. Kiti kina mto. Unapewa biskuti na maji ya chupa, halafu mtu aliyevaa vizuri anakutazama usoni anakuuliza, mama, wewe unaonaje? Niambie, nani mwingine ameniuliza naonaje?”

Ameonja majani ya chai kwenye vikombe vyenye namba. Amenusa mafuta ya kujipaka hadi pua ikafa ganzi. Ametoa maoni juu ya rangi ya kifuniko cha dawa ya meno kwa dakika arobaini, na yakaandikwa yote. Ukutani mwa chumba cha vikao kuna kioo kikubwa, na nyuma yake hukaa wenye bidhaa wakisikiliza bila kuonekana.

“Siku moja nilikipungia mkono kile kioo. Nikakisikia kimecheka,” anasema, naye anacheka. Kicheko chake kinakatika mapema, kama cha mtu aliyezoea kucheka bila wa kumpokea.

Anayempeleka huko ni dalali wa vikao, kijana mwenye simu mbili ambaye kina mama wamempa jina la Dodoso. Siku moja simu ya Mama Maoni ililia mwandishi wa habari hii akiwapo.

“Mama Maoni, upo?”

“Nipo. Ulitaka niwe wapi?”

“Safari hii wanataka nyumba yenye mtoto mchanga.”

“Mtoto mchanga kwa mwili gani, wewe? Unataka niingie kwenye magazeti?”

“Basi mjukuu. Unaishi naye. Na hujawahi kushiriki utafiti wowote ndani ya miezi sita, umesikia?”

“Sijawahi tangu nizaliwe.”

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Mama Maoni ameirefusha kwa daftari la shule la kurasa arobaini na nane. Humo ameandika kila familia aliyowahi kuwa nayo. Kwenye majani ya chai ana watoto wanne na mume asiyetaka sukari. Kwenye dawa ya mbu mume anakoroma hadi mbu wanahama. Kwenye mikopo, walikotaka wanawake walioachwa, mume alimtoroka na mwanamke wa duka la vitambaa.

“Hiyo ya kutoroka iliniuma,” anasema, akitazama picha ya mumewe iliyo juu ya kabati, pembeni ya mfuko wa sabuni. “Nilipofika nyumbani nilimwomba radhi.”

Sasa wewe mwenye mdomo mwepesi wa kusema tapeli, subiri kwanza. Mara ya kwanza alisema kweli. Ilikuwa miezi minne baada ya mazishi. Alipigiwa simu, akaulizwa umri, kazi, kisha: mnaishi wangapi? Akajibu, mmoja. Sauti ikasema asante mama, kwa leo inatosha. Ikakata.

Nimeliona dodoso lenyewe, ile karatasi ya maswali. Kisanduku cha mtu mmoja kipo. Pembeni yake, kwa herufi kubwa, pameandikwa: FUNGA MAHOJIANO. Kaa na maneno hayo kidogo. Mtu mmoja, funga mahojiano. Kampuni ilichofanya ni kukiweka kwenye karatasi kile ambacho wewe na mimi tunakitenda barazani kila siku bila karatasi.

Na hakuzaliwa mmoja. Wenye kumbukumbu hatujasahau enzi ua ule wenye milango sita ulivyojaa familia za kiwanda cha nguo, watoto wakilala nyumba yoyote usingizi ulikowakuta. Mumewe alikuwa fundi mitambo pale, miaka ishirini na miwili. Wenye kiwanda wakakifunga asubuhi moja kwa hotuba na saa ya ukutani kwa kila mfanyakazi. Waliahidi kiwanda kingine. Hotuba ile tunaikumbuka neno kwa neno. Familia zikatawanyika, mlango mmoja baada ya mwingine, wakaingia wapangaji wasiojuana. Binti yao wa pekee ameolewa mbali. Hupiga simu Jumapili ya kwanza ya mwezi. Saa ya kiwanda bado inatembea ukutani, kwa hiyo mama anajua: dakika nne, zikizidi sana sita.

Saa nne kamili, hodi. Mdodosaji ni mwanamke kijana mwenye viatu vya vumbi na mizani ndani ya mfuko wa kitambaa. Mama amemwita Bi Mizani tangu siku ya kwanza.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, pita. Wenzangu wametoka, umewakosa tena.”

Sabuni inapimwa. Imepungua inavyotakiwa. Mama anashusha pumzi. Lakini leo dodoso lina swali jipya: mdodosaji aone vazi moja kabla halijafuliwa, aipanguse kola kwa kitambaa cheupe, aandike kiwango cha uchafu, moja hadi tano.

Mama anampa lenye mistari. Bi Mizani anaigeuza kola, anapangusa mara moja, mara mbili. Kitambaa kinatoka cheupe.

“Baba huyu ni msafi mno,” mama anawahi kusema.

“Mama, hata malaika angeacha alama.”

Kisha analikunjua shati lote. Mikononi mna mistari miwili ya pasi, imenyooka kama rula. Mkono wa mpiga pasi hauwezi kuliacha shati lijikunje hata siku moja. Usiku wa kuamkia jana alikuwa amelipiga pasi shati analotaka leo liitwe chafu. Miaka kumi na tisa ya ufundi ilimsaliti mahali pamoja.

Saa ya kiwanda inasikika.

“Mama, mwenyewe yuko wapi?”

“Kaburini, mwanangu. Mwaka wa sita huu.”

“Na wengine?”

“Wengine wako kwenye daftari.”

Bi Mizani anaiweka kalamu chini. Anavuta kigoda, anakaa, halafu anauliza swali ambalo halimo kwenye dodoso lolote: “Alikuwa mtu wa namna gani?”

Mama analivuta shati mapajani. Vidole vyake vinanyoosha mstari wa pasi ambao tayari umenyooka.

“Alikuwa hajui kukata mkate,” anasema hatimaye. “Anakata kipande kikubwa na kidogo. Kikubwa ananisogezea mimi, halafu anasema kisu ndicho kimekosea. Miaka ishirini na mitano kisu kimekosea upande wangu.”

Walizungumza saa nzima, mizani ikiwa mezani haina kitu juu. Kisha Bi Mizani akaandika ukweli, maana hiyo ndiyo kazi yake, na aliahidi mbele ya mama kwamba ataandika. Baada ya siku tano ujumbe ukaja: ameondolewa kwenye majaribio kwa taarifa za uongo juu ya kaya, na hatalipwa. Dodoso hapokei simu yake tena.

Wanaotumia picha za familia zenye meno meupe kuuza sabuni wakamfuta kwa kosa la kubuni familia. Ukiona hapo hakuna la kukasirisha, gazeti hili umelishika kichwa chini.

Hadithi ingeishia hapo, nawe ungelikunja gazeti. Lakini Jumanne iliyofuata Bi Mizani alirudi, safari hii bila mizani. Alikuwa na ukurasa mmoja wa mwongozo wa wadodosaji, alioupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Alimsomea mama mwenyewe: kaya ni watu wa ua mmoja wanaopika na kula chungu kimoja kwa kawaida, wawe ndugu au wasiwe.

“Tarehe mosi tunaandikisha upya kaya za majaribio,” alimwambia. “Nikikuta watu wanakula hapa kweli, nitaandika hao niliowakuta. Nikikukuta peke yako, nitaandika mmoja.”

“Na mmoja ni kufunga mahojiano.”

“Ndiyo, mama. Samahani.”

Jioni ileile Mama Maoni alitoa chungu kikubwa mvunguni mwa kitanda, kile cha enzi za kiwanda. Akakisugua kwa mabaki ya 862. (“Sabuni nzuri,” anasema. “Hiyo niliwaambia kweli.”) Kisha akaenda kubisha milango mitano ya jirani, mmoja mmoja, kuwaalika wale kwake kila Jumapili.

Fundi viatu wa mlango wa kwanza alisema, “Tutaona, mama.” Muuguzi wa mlango wa nne alisema akipata nafasi. Wawili walisema asante. Mlango wa mwisho haukufunguliwa, ingawa redio ilikuwa ikiimba ndani, kisha ikapunguzwa.

Nilimuuliza muuguzi kwa nini wiki zote hizo hawakumtembelea. Hakukasirika. “Tuliona mashati,” alisema. “Tukasema kapata mwenzake, tusimwingilie.”

Yaani mashati ya marehemu ndiyo yalikuwa kisingizio chetu.

Jumapili alipika maharage na viazi vya watu watano. Akapanga sahani tano. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Saa nane na robo fundi viatu alifika, akasimama kizingitini, akala amesimama, akisema ana kiatu cha mtu kwenye gundi.

“Kaya nzima haijapatikana,” mama anasema, “ila mguu mmoja umeshaingia ndani.”

Alipokuwa akiondoka, mama alimpa lile shati lenye mistari. Fundi alikataa mara mbili, mara ya tatu akalipokea. Juzi alionekana amelivaa, ameinama juu ya kazi, mgongo umelowa jasho. Mama anasubiri lirudi. Anasema safari hii litabadilisha rangi ya maji, naye atalifua kwa haki.

Hilo ndilo tumaini lake lote: sahani tano zichafuke kabla ya tarehe mosi.

Tarehe mosi ni Jumapili hii. Ninyi wa ua wenye milango sita, mnajijua. “Tutaona” si jibu. Mmeona vya kutosha. Wewe wa redio, izime. Na wewe unayejiambia kwamba huo si ua wako, hesabu milango ya ua wako, utafute ule ambao hujawahi kuubisha, maana upo. Usiniandikie barua kwamba umeguswa. Weka gazeti chini, beba sahani yako, nenda ukapige hodi, na ukifunguliwa, usile umesimama.