Wabebaji Kumi na Wawili

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa historia Kasulu, na rohoni mwangu nilikuwa mchoraji wa katuni. Rohoni mwa watu wengine nilikuwa mwalimu wa historia tu. Chuo kikuu nilisoma sanaa, nikaandika tasnifu ndefu kuhusu namna mchoro uliotulia kwenye karatasi unavyoweza kumfanya mtazamaji aone mwendo. Tasnifu hiyo ilisomwa na watu watatu, nikiwemo mimi, na nina wasiwasi na mmoja wa wale wawili.

Kwa hiyo mkunga wa zahanati moja ya vijijini upande wa Kibondo, rafiki wa mke wangu tangu shule, aliponipigia simu kuomba picha ya kubandika ukutani, nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Shida yake ilikuwa moja. Kina mama wa milimani walikuwa wakifika kujifungua wakiwa wamechelewa. Masika pikipiki haipandi zile njia, na mjamzito hubebwa kwa machela mabegani mwa wanaume wanne, mwendo mrefu wa matope. Wiki mbili kabla ya simu ile, mama mmoja alijifungulia njiani, na mtoto hakupona.

"Nataka wakiiona hiyo picha wajue ni haraka," alisema. "Unaweza kuchora haraka?"

"Dada, hiyo ndiyo kazi yangu," nilijibu, huku nimezungukwa na madaftari ya kidato cha pili yasiyosahihishwa.

Nilichora majuma matatu. Kisanduku cha kwanza kilimwonyesha mama akishika kiuno, uchungu umeanza. Cha pili kilikuwa machela njiani, na humo nilimwaga elimu yangu yote. Wabebaji wanne niliwainamisha mbele. Miguu yao niliiinua juu ya ardhi, na kivuli kidogo chini yake. Nyuma yao nilivuta mistari mirefu ya kasi. Halafu, kwa fahari zaidi, nikamrudia kila mbebaji mara mbili kwa wino hafifu, hatua moja nyuma na hatua mbili nyuma, ili jicho lione alipotoka. Nikasogea mbali kidogo, nikatazama, nikahisi upepo. Mke wangu akapita na beseni la nguo, akasema dirisha liko wazi.

Siku ya kliniki nilipanda basi hadi Kibondo nikiwa nimeipakata ile karatasi ya manila kama mtoto mchanga, kisha pikipiki hadi zahanati. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mwalimu." Mkunga akaibandika picha na kuwaomba waseme wanachokiona. Bibi mmoja aliyemsindikiza mkwewe alisimama akaisogelea.

"Naona mama amebebwa," alisema.

Moyo wangu ukatulia.

"Wanakwendaje?" mkunga akauliza.

"Wanakwenda na kuni."

Nilidhani sikusikia vizuri. Bibi akaweka kidole kwenye mistari yangu ya kasi. "Hizi hapa nyuma. Wamebeba mgonjwa, na kuni juu yake?"

"Wanaume wa wapi hao wanaobeba kuni?" akauliza mkwewe, binti mwenye mimba kubwa. "Mwalimu, ungetuonyesha kwao mapema, tukaolewe huko."

Benchi zima likacheka. Mwingine akainama kuitazama ile miguu iliyopaa. "Huyu ameteleza," alisema. "Atamwangusha."

Nilikuwa naanza kuikunja karatasi moyoni wakati bibi alipoanza kuhesabu, akigusa kichwa kimoja kimoja, pamoja na wale wa wino hafifu.

"Lakini wako kumi na wawili," alisema, na safari hii hakuwa anacheka. "Hawa wanne wakichoka, wale wanapokea. Na wale wa nyuma wapo bado. Hawa watafika mapema. Yule wa juzi tulimbeba na wanne. Kila mlima wanamweka chini. Wanaume wanne hawana haraka, hata wakitaka."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza.

"Mama," nikasema, "hawa si kumi na wawili. Ni wanne. Hawa wa nyuma ni walewale, walivyokuwa punde kidogo."

Bibi alinitazama kwa huruma. "Kama wameshaondoka pale, mbona bado wapo?"

Tasnifu yangu ina sura nzima ya kujibu swali hilo. Niliinua kidole ili niianze.

"Mwalimu, kaa kwanza," mkunga alisema, akamgeukia bibi. "Hao kumi na wawili unawapataje?"

"Unawaambia mapema, kabla hata mwezi haujatimia. Ukingoja uchungu, mmoja yuko shamba, mwingine yuko gulioni. Unapata wanne, na mmoja wao ana mguu mbovu."

Mkunga akaniomba niichore upya. Wale wa wino hafifu niwakoleze. Niwape sura na mashati yao wenyewe. Kuni nizitoe, na miguu yote ikanyage chini.

Nilimweleza, kwa upole wa mtaalamu, kwamba tukifanya hivyo mwendo utakufa.

"Na ufe," alisema. Nami nikakumbuka picha ile iliombwa kwa sababu gani.

Nilirudi Kasulu nikachora picha iliyotulia kuliko zote nilizowahi kuchora. Kisanduku cha kwanza, mama anachambua maharage, tumbo bado dogo kiasi, na mumewe yuko kwa jirani, anaomba wabebaji. Cha pili, wanaume kumi na wawili njiani, wanne na machela, wanane mikono mitupu. Kwa kuwa sikuwa na sura nyingine kichwani, niliwapa sura za walimu wenzangu wa ofisini. Wa mwisho kabisa nilimpa yangu.

Masika yaliyofuata nilipita tena kwenye zahanati ile. Saa nne asubuhi kundi likatokea chini ya migomba, machela mabegani, mashati yamelowa. Hakuna aliyekuwa ameinama mbele wala kupaa. Walitembea tu, na mmoja alipochoka mwingine aliingiza bega bila machela kusimama. Mama aliyebebwa alikuwa anaomba maji, kwa sauti ya mtu mwenye nguvu za kulalamika. Mkunga akampokea, wakaingia ndani.

Mume alibaki nje anahema, akautazama ukuta, kisha akawatazama watu wake.

"Tuko kumi na mmoja," alimwambia mama yake, kama anayeomba radhi. "Mmoja hakuonekana."

Mama yake alikuwa yule bibi, safari hii akimsindikiza mkwe mwingine. Aliisogelea picha, akaweka kidole juu ya mtu wa mwisho.

"Kumi na mmoja ndiyo hesabu yake," alisema. "Huyu hapa sijawahi kumhesabu. Mtazame mikono, hajawahi kubeba kitu."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Niliiingiza mikono mifukoni.