Kioo Kilichoonyesha Kitanda

Mimi sikusoma. Nilikaa kwa mapadri kule mlimani muda wa kujua kuandika jina langu, kisha nikashuka Morogoro kubeba mawe ya Wajerumani. Haya nayaandika kwa mkono ule ule. Anayeona mwandiko mbaya, ajenge nyumba tatu kwanza ndipo aje anicheke.

Reli ilipofika mjini nilikuwa nimekwisha kuwa mwashi. Si kibarua, mwashi, mwenye timazi na mwiko wangu. Nikapanga chumba kwa mama mmoja wa pwani, mjane, ulimi wake wembe. Chumba chenyewe hatua nne kwa tatu. Siku aliponifungulia mlango alicheka.

"Mluguru, humu paka akijinyoosha mkia unabaki uani. Wewe na mkeo mtalala kwa zamu?"

"Ataona mwenyewe akija."

"Haya. Mimi sisemi kitu."

Akija. Hapo ndipo palikuwa na kazi. Kwetu Uluguru ardhi ni ya upande wa mama. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, hulima shamba la ukoo wa mke, na wakikosana huondoka na panga lake tu. Mimi nilikataa. Nilimwambia mke wangu nataka akae kwangu, chini ya paa nililolitafuta mwenyewe. Akafikiri, akasema, "Mama akikiona chumba akaridhika, nitabaki. Asiporidhika, narudi naye." Tukakubaliana washuke baada ya kuvuna maharage.

Basi nikakishika chumba kile. Kuta zilikuwa za udongo, nyeusi kwa moshi. Nikazisawazisha, nikapaka chokaa mara tatu, maana ukuta mweupe husogea nyuma. Hilo hakunifundisha Mjerumani, niliona kwa macho yangu tulipopaka ghala la stesheni. Dirisha lilikuwa tundu la kupitisha mkono, nikalipanua mpaka nikauona mlima. Kitanda nikakipandisha juu ya matofali, sanduku likaingia chini. Sakafu nikaipiga udongo na mavi ya ng'ombe, nikailainisha kwa jiwe la mtoni, na kwenye pembe karibu na dirisha nikachimba kishimo cha duara, mtungi wa maji wa mke wangu ukae usiyumbe. Mbele ya kitanda nikatundika pazia la bafta, kwa sababu mkwe haoni kitanda cha mkwewe. Hilo kwetu hata mtoto analijua.

Kazi ya miezi, jioni baada ya jioni, peke yangu. Nilikuwa nikizungumza na ukuta.

Kisha nikaongeza kioo. Nilikipata dukani kwa Mhindi, kikubwa, kina ufa pembeni. Nikakitundika ukuta wa nyuma, kinatazama mlango. Ukifungua unaona chumba, na ndani ya kioo unaona chumba kingine. Mama mwenye nyumba alikuja kutazama, akachungulia hata nyuma ya kioo. Halafu akasema, "Mluguru, umeniongezea chumba bila ruhusa yangu!" Siku hiyo nilitembea mjini kama mtu aliyejenga boma.

Walifika asubuhi. Mke wangu alikuwa na mtungi kichwani na mkeka kwapani, nikajua amekuja kukaa. Mimi nilichutama uani, uso nimeuelekeza ukutani kama inavyopasa, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mkwe wangu akauambia mgomba.

Mama mwenye nyumba akawaongoza. Nikasikia mlango, nikasikia miguu, kisha miguu ikasimama.

"Dada," mkwe wangu akamwambia mwenye nyumba, kwa sauti ya kunifikia mimi, "mwambie mwenye chumba kwamba mimi ni mkwe wake."

"Mbona anajua, dada."

"Hajui. Angejua asingenisimamisha hapa akanionyesha anapolala na mwanangu."

"Lakini si pazia lile?"

"Pazia naliona. Tazama kwenye kioo."

Pazia nililiachia nafasi upande mmoja, mtu apite. Kioo kikauchukua upenyo ule, kikaleta kitanda mpaka mlangoni, kimetandikwa, mito miwili. Mimi nilisimama pale mlangoni mara mia na kitanda nikakiona mara mia, nikasema tu, chumba kimekuwa kikubwa. Mtu aliye peke yake hashtuki kuona kitanda chake.

Mke wangu akaja uani. Mtungi ulikuwa bado kichwani.

"Kitoe sasa hivi. Halafu mtume mjomba wako na mbuzi, mama aondolewe aibu. Yatakwisha."

"Kioo nimekipata kwa jasho langu. Sitoi mbuzi kwa ajili ya kioo."

"Si kwa ajili ya kioo."

Nilikuwa mwashi, nilikuwa na paa, sikuona kwa nini niombe radhi. Akanitazama kidogo. "Dirisha ni zuri," akasema, akamfuata mama yake.

Dirisha lile nililolipanua ndilo lililonionyesha wakipanda mlima, mpaka mtungi ukapotelea migombani.

Nilingoja watume mtu wao. Wao walingoja mbuzi wangu. Mvua zikapita, zikapita tena. Mama mwenye nyumba alikuwa akinipigia kelele kutoka jikoni, "Peleka hata kuku, kiburi we! Kuku tu!" Nilikula nikijitazama kwenye kioo nikitafuna. Mwisho mtu wa kwetu aliyeshusha ndizi sokoni akanipa habari: ukoo umempa mume mwingine, aliyekubali kuhamia huko na kulima.

Siku hiyo nikakitoa kioo. Nyuma yake chokaa ilikuwa nyeupe kama siku ya kwanza, na kwingine kote kumefifia kwa moshi. Nikachanganya chokaa nyingine, nikapaka chumba chote, alama isionekane. Mama mwenye nyumba akachungulia.

"Kimerudi kuwa kidogo," akasema. Hakucheka.

Hakikuwa kidogo. Nilikaa humo miaka, nikitoka kazini kuziba nyufa za watu, nikirudi kukaa. Kile kishimo cha mtungi ningekiziba kwa konzi moja ya udongo. Sikukiziba.