Mtaalamu wa wastani kaandika upya kijijini Ntobeye

Leo nimemkalisha mtaalamu wa kilimo, tena mbele ya mama yangu!

Wiki jana aliniita kilaza wa form two. Nikamwekea kinyongo.

Leo kaleta kikaoni matokeo ya mradi wake wa maharage. Kundi la mbolea ya dukani, wastani madebe sita kwa shamba. Kundi la mama, la samadi, manne.

"Mama, kundi lako linatoka kwenye mradi," akatangaza.

Nikanyoosha mkono. "Shikamoo mtaalamu. Msimu uliopita, kabla ya mbolea yoyote, walivuna ngapi?"

Akafunua daftari kwa kujivuta. Wa dukani matano. Wa samadi mawili.

"Kumbe wao wameongeza debe moja, sisi mawili! Nani atoke?"

Kaandika upya, samadi juu. Nimemsimamia mpaka wino ukakauka.

Nyie mngemsamehe?