Poda Niliyommwagia Chantal

Chekeni tu, maana hata mimi bado ninacheka. Chantal, mwanafunzi wa maabara ninayofagia hapa Lubumbashi, alifaulu kutetea utafiti wake juu ya homoni inayokifanya kitawi kilichokatwa kiote mizizi upya. Kwetu aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani, nami sikuwa nayo! Nikakwapua kopo la unga mweupe mezani, nikammwagia lote huku nikipiga vigelegele.

Mara Profesa akaingia na wageni.

“Mama Régine, ile homoni ya mizizi iko wapi? Bageni banataka kuona.”

Nikaficha kopo ndani ya kikwembe changu nilichojifunga kiunoni. Chantal akapiga chafya, wingu jeupe likamvaa Profesa hadi kwenye tai yake.

“Iko kwa kichwa ya Chantal, Prof,” nikasema, “na kidogo kwa kravati yenu.”