Chai Baada ya Kunde

Mke wangu alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa mwisho, alianza kuhema akipanda matuta ya shamba letu hapa Machakos. Kliniki walimwambia damu yake imepungua, wakampa vidonge. Nilisoma nikaelewa: mjamzito huongezeka maji ya damu upesi kuliko chembe nyekundu, na moyo hulazimika kusukuma zaidi. Alihitaji madini ya chuma. Kunde zenye chuma tulikuwa nazo tele, ila sisi hushushia chakula kwa chai, na chai huyazuia madini hayo yasifyonzwe mwilini.

Nikaweka chungwa, ambalo husaidia mwili kuyafyonza, mahali pa kikombe chake.

“Baba watoto, unaninyima chai kwa nyumba yangu?”

“Utakunywa baadaye, chakula kikishatulia.”

“Na wewe je?”

Nikasukuma kikombe changu kando. Akacheka. “Basi tuteseke wote.”

Tuliteseka hadi mvua zikaisha. Siku moja akapanda matuta yote bila kusimama, na wiki hiyo kliniki wakasema damu imerudi. Jioni tulikula, kisha tukaketi mlangoni kungoja chai yetu, mkono wake tumboni, wangu juu ya wake.